Siku ya Upepo

Wako mafundi ambao kazi yao haishikiki mkononi. Seremala huacha mlango, mhunzi huacha jembe, mshonaji huacha kanzu. Mpanga safari humwacha mtu amerudi kwao salama, akiamini kwamba kila kitu kilijiendea chenyewe. Huenda ndiyo maana ufundi huu unakufa mbele ya macho yetu na hakuna aliyeukalia tanga.

Nimekuwa nikiufikiria tangu nilipomtazama mzee mmoja wa Mombasa, mkazi wa Munich tangu ujana wake, akiwapangia wajukuu wake wawili safari ya Innsbruck, Austria. Walitaka kuteleza kwa ubao wa theluji, na kuutembea mji kidogo. Mjukuu wa kike amezaliwa huku Ujerumani na ubao anaujua tangu utotoni. Binamu yake yuko Mombasa, anamaliza kidato cha nne, na theluji yote aliyopata kuiona iko ndani ya simu. Siku ile naye alikuwa ndani ya simu, uso wake umeegemezwa kwenye bakuli la sukari katikati ya meza. Mzee alitumikia miaka mingi kaunta ya wakala wa safari, zama za tikiti zilizoandikwa kwa mkono, kila ukurasa una kaboni yake nyekundu mgongoni iliyokuwa ikichafua vidole hadi jioni. Amestaafu, na kaunta yenyewe imekuwa duka la simu.

Vijana walikuwa na mpango tayari. Waliuuliza mtandao, mtandao ukajibu papo hapo: siku sita, kila saa ina jambo lake, kila jambo lina picha yake. Saa mbili asubuhi mlimani, saa tisa kushuka, saa kumi makumbusho, saa kumi na mbili mgahawa. Mzee aliusoma hadi mwisho bila kuguna. Akavua miwani, akauliza swali moja: "Siku ya upepo mtafanya nini, wajukuu zangu?"

Hawakuwa na jibu, kwa kuwa mpango wao haukuwa na upepo. Ndipo akavuta karatasi tupu na penseli.

Yeye huanza na marejeo. Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, wazee walisema, na mzee huyu methali hiyo ameifanya kanuni ya kazi. Aliandika kwanza chini kabisa ya karatasi tarehe ya ndege ya kumrudisha kijana Mombasa, kisha akaanza kupanda juu. Usiku wa mwisho walale Munich, kwani treni ya milimani ikizuiwa na theluji asubuhi ya ndege, hakuna wa kumlilia. Halafu akahesabu masiku. Mwomba viza ya Schengen hupeleka ombi kwa ubalozi wa nchi atakakokaa zaidi. Masiku ya Innsbruck yakizidi ya Munich, mlango wa kubisha kule Nairobi ni wa Austria, si wa Ujerumani. Ombi halipokewi mapema kuliko miezi sita kabla ya safari, wala halitakiwi kuletwa zikiwa zimebaki chini ya siku 15. Bima nayo isipungue yuro 30,000. Haya mtandao unayajua pia. Ila mzee aliongeza neno lake: "Bima ya viza si bima ya mlima, baba. Isome uone kama inataja michezo ya theluji, na helikopta ya waokoaji inalipwa na nani."

Kisha akatandika kalenda mbili, ya miladia na ya hijria. Krismasi na mwaka mpya akazifuta: vyumba ghali, watu tele. Siku za mwanzo za Januari akazipita, kwa sababu ndipo mashindano ya kuruka kwa skii yanapofika Bergisel, kilima kilicho juu ya mji, na Innsbruck nzima hujaa. Februari ni likizo ya shule za Austria, mkoa baada ya mkoa, na watoto wa Bavaria nao wana likizo yao ya karnivali; foleni za mlimani zinajulikana. Isitoshe, Ramadhani ya mwaka 2026 ilikuwa iingie katikati ya Februari. Kijana wa Mombasa akakumbusha kwamba msafiri ana ruhusa ya kutofunga. Babu yake akacheka. "Ruhusa ipo, mjukuu wangu. Lakini kwa nini uifuate ruhusa mpaka Austria wakati Januari ipo?" Ikabaki wiki ya mwisho ya Januari, akaizungushia duara.

Hapo nilitambua kwamba mzee alikuwa bado hajataja mlima hata mmoja. Aliona kwanza awajue watu. Alimhoji mjukuu wa kike kuhusu magoti yake, akamuuliza wa kiume kama analala vizuri mahali pageni, kama anaogopa kimo, kama ni mtu wa kukasirika anapochekwa. Swali la mwisho lilinishangaza, kumbe ndilo zito kuliko yote. Anayejifunza ubao huanguka kutwa nzima mbele za watu. Miguu yote miwili imefungwa kwenye ubao mmoja, mwili unakwenda ubavu, na siku ya kwanza vinavyoumia ni viganja na makalio. Ukimpeleka mwenye hasira mahali penye umati, umemharibia safari kabla haijaanza.

Kwa hiyo siku mbili za mwanzo aliwaweka Muttereralm, juu ya kijiji cha Mutters, mlima mpole wa familia. Kuna sababu ambayo mtu asiyewahi kufunga ubao hawezi kuibuni. Mwenye skii akikutana na kamba ya kukokota huishika akavutwa juu bila taabu. Mwenye ubao anayejifunza huburutwa ubavu hadi aangukie njiani na kuwazuia wote walio nyuma yake. Vilevile, palipo na njia ndefu ya tambarare mwenye skii hujisukuma kwa fimbo zake, na mwenye ubao hufungua mguu mmoja akajisukuma nao kama mtoto mchezoni. Mzee alichagua kwa macho hayo: wapi pana vibanda na viti vya kuning'inia kwenye waya, wapi mteremko haukatiki. Mto wa barafu wa Stubai, unaofikia mita 3,210, alimwekea mjukuu wa kike siku ya peke yake. Nordkette, mlima unaousimamia mji kama ukuta, akawaambia wapande kutazama tu, maana njia ya kushuka kutoka Hafelekar ina mahali penye mwinamo wa asilimia 70.

Ubao ukodiwe, akasema, lakini buti zisichaguliwe kwa haraka: zivaliwe dukani na soksi moja tu, mtu asimame, apige magoti, na kisigino kisinyanyuke. Mafuta ya kujikinga na jua yasisahauliwe. Kijana akacheka: "Babu, mimi mweusi!" Akajibiwa kwamba jua la kwenye theluji hupiga toka juu na toka chini, na halimuulizi mtu rangi yake.

Anayajua haya kwa sababu aliuza tikiti za milimani tangu ubao ulipokuwa haramu. Mchezo wenyewe hauna umri mkubwa. Sherman Poppen wa Michigan alifunga skii mbili pamoja mwaka 1965 ili wanawe wacheze. Jake Burton Carpenter alianza kutengeneza mbao zake Vermont mwaka 1977. Olimpiki iliukubali mchezo huu Nagano, mwaka 1998. Katikati ya hapo, viwanja vingi vilikataa wenye ubao, na hata leo Alta kule Utah bado inawakataa. Mzee alikuwa akipiga simu kila kijiji kuuliza kabla ya kumuuzia mteja tikiti. Mteja hakuijua simu hiyo. Alifika, akapokewa, akadhani ndivyo dunia ilivyo.

Sasa niurudie ule upepo, kwa sababu ndani yake ndimo ulimo ufundi wote.

Innsbruck huvumiwa na upepo uitwao Föhn. Hutoka kusini, huivuka milima ya Alpi, kisha hushuka kupitia bonde la Brenner ukiwa umekauka na kupata joto. Mji unaweza kuamka na baridi ya Januari na adhuhuri ikawa na hewa ya masika ya Ulaya. Wenyeji hulalamika vichwa. Kule juu upepo huwa mkali kiasi cha kusimamisha vigari vya waya, na theluji iliyokuwa unga huwa uji. Hakuna ajuaye mwezi mmoja kabla ni siku gani utavuma. Mpango uliojazwa saa kwa saa huvunjika hapo, na wenye mpango hukaa hotelini wakigombana.

Mzee hakuipa siku ya mji tarehe. Kwenye karatasi yake, siku za mlima zina majina: Muttereralm, Muttereralm, Stubai. Moja haina jina. Ameiandika pembeni, nje ya safu, na mshale wa penseli unaoweza kuelekezwa popote. Upepo ukivuma Jumanne, siku ile inaingia Jumanne na mlima unasogea mbele. Usipovuma kabisa, siku hiyo inakuwa ya mapumziko, nayo mapumziko ni haki ya mwili unaojifunza kuanguka. Hata tikiti aliyowachagulia ni ile moja inayounganisha viwanja vya theluji vya Innsbruck na Stubai pamoja na makumbusho ya mjini, ili kuhama kutoka mlimani kwenda mjini kusiwagharimu senti.

Nilimuuliza alijifunza wapi. Akanikumbusha alikokulia: Mji wa Kale, Mombasa, karibu na bandari ambako majahazi ya Arabuni na Ghuba yaliingia na kaskazi na kuondoka na kusi. Nahodha wa siku zile, alisema, hakumwambia mtu ataondoka tarehe ngapi. Aliandaa tanga, maji, tende na watu, kisha akautazama upepo. Kuwa tayari kulikuwa juu yake. Saa ya kuondoka ilikuwa juu ya Mungu. Mzee alipofika Ulaya na kupewa kaunta na ratiba, alikuta watu waliodhani kwamba ratiba ndiyo safari. Yeye akaendelea kupanga kinahodha.

Na siku hiyo isiyo na jina ameijaza vitu vya thamani, wala si vya kuzugia. Kwanza kanisa la Hofkirche, wanakosimama watu wa shaba 28, wakubwa kuliko kimo cha binadamu, wakilinda kaburi la Kaisari Maximilian wa Kwanza. Kaburi hilo ni tupu. Maximilian alikwisha kuyapanga mazishi yake kwa miaka mingi, akataka sanamu 40 zimsindikize. Alipofariki mwaka 1519 alizikwa Wiener Neustadt, mbali na Innsbruck, na sanamu hazikufika idadi. "Waambie wenzio wa mtandao," mzee alimwambia mjukuu wake, "hata kaisari hakuimaliza orodha yake." Paa la Dhahabu, lenye vigae 2,657 vya shaba iliyochovywa dhahabu, lililokamilika mwaka 1500 kwa amri ya mtawala huyo huyo, amewapa muda mfupi, kwa kuwa kila mtu atawaonyesha. Vituo vya reli ya Hungerburg, alivyovisanifu Zaha Hadid, binti wa Baghdad, na kufunguliwa mwaka 2007, watavipita siku isiyo na upepo, wakipanda Nordkette. Wasikimbie, wayatazame mapaa yake yalivyopinda mithili ya barafu inayoyeyuka.

Saa nyingi za siku hiyo ameziweka kwa Grassmayr, ukoo unaosubu kengele tangu mwaka 1599. Wana jumba dogo la makumbusho pale pale kazini. Mzee anataka vijana waone watu waliorithishana kazi moja kwa zaidi ya miaka 400, na wapige kengele kwa mkono wao wasikie sauti inavyochukua muda kufa. Hakueleza kwa nini. Nilimwelewa. Yeye hana wa kumrithisha.

Jambo jingine nitalisema kwa urefu, kwa maana ndilo lililonifanya nianze kuandika. Kutoka Munich kwenda Innsbruck kuna treni ya haraka inayopita Kufstein, chini ya saa mbili. Kila chombo cha kutafutia safari hukupa hiyo kwanza. Mzee aliwakatia hiyo kwa kurudi. Kwa kwenda aliwachagulia reli ya Mittenwald, iliyofunguliwa mwaka 1912, inayopita Garmisch-Partenkirchen na kupanda mpaka Seefeld, karibu mita 1,200 juu ya bahari. Huchukua karibu saa tatu. Vijana wakapiga kelele: saa nzima inapotea! Akawaacha wamalize.

Kisha akachora kwa penseli. Baada ya Seefeld, treni huanza kushuka ikiuambaa mlima, inapenya ndani ya mwamba wa Martinswand, uleule ambao hadithi husema Maximilian alikwama juu yake akiwinda, hawezi kupanda wala kushuka, hata akaja mwokozi asiyejulikana. Ikichomoza, bonde la mto Inn liko lote chini, na mji umelala mbele. "Kaeni upande wa kulia," aliandika, akapiga mstari chini yake. Mwenye kuingia kwa treni ya haraka hukutana na Innsbruck kwenye kituo cha reli, kati ya masanduku na kahawa za karatasi. Mwenye kuingia kwa njia ya Seefeld huuona mji kutoka juu kabla haujamwona yeye, akajua mto uko wapi, milima iko wapi, upepo utatoka upande gani. Atakapotembea kesho yake hatapotea. Maneno hayo mawili, upande wa kulia, ndiyo kazi ya maisha ya mtu. Ili kuyaandika sharti uwe umepita, umekaa kushoto, umejuta, na umekumbuka kwa niaba ya mwingine.

Zamani kazi hii ilikuwa na vitabu vyake. Ratiba ya treni za Ulaya ya Thomas Cook ilianza kuchapwa mwaka 1873, na mzee aliisoma kama wengine wasomavyo riwaya. Kampuni iliacha kuichapa mwaka 2013. Baadhi ya wahariri wake wakaichukua wakaendelea nayo wenyewe. Kampuni yenyewe ilianguka mwaka 2019. Tikiti za ndege za karatasi zilikomeshwa na mashirika ya ndege katikati ya mwaka 2008. Huko nyuma zaidi kulikuwa na Karl Baedeker, Mjerumani wa vitabu vya mwongozo, ambaye husimuliwa kwamba alionekana akipanda ngazi za kanisa kuu la Milano akihamisha njegere kutoka mfuko mmoja kwenda mwingine kila baada ya ngazi 20, ili msomaji wake asidanganywe idadi ya ngazi. Kisa hicho ni cha karne ya 19, na kila nikimwona mtu anaandika sifa za mahali asipowahi kukanyaga, njegere zile hunijia.

Watu wa pwani huchekwa wanapozungumza habari za theluji. Wasichekwe. Sabrina Simader, mzaliwa wa Kenya aliyekulia Austria, aliiwakilisha Kenya kwa skii kwenye Olimpiki ya mwaka 2018. Na kabla yake, njia ya Innsbruck na nchi zetu ilikwisha kufunguliwa kwa upande wa pili. Ludwig Purtscheller, aliyefika kilele cha Kilimanjaro pamoja na Mjerumani Hans Meyer tarehe 6 Oktoba 1889, alizaliwa Innsbruck, na siku ile alikuwa anatimiza miaka 40. Meyer alikwisha kushindwa mara mbili. Mwaka 1887 barafu ilimrudisha. Mwaka 1888 hakuufikia mlima: vita vya Abushiri dhidi ya Wajerumani vilimkuta njiani, akatekwa, akakombolewa kwa fedha. Safari ya tatu alifaulu kwa mpango. Aliweka kambi moja juu ya nyingine, na chakula kikawa kinapandishwa kutoka Marangu, hata walipofika ukingo wa kreta tarehe 3 wakiwa wameishiwa na wakati, waliweza kushuka, kula, kulala na kujaribu tena. Katika kambi ya juu alibaki nao Mwini Amani, mtu wa Pangani, akiwangoja kwenye baridi ile. Historia hutaja majina mawili kileleni. Kilele kilibebwa na mabega ya wapagazi, na pia na mtu mmoja aliyekuwa macho kambini mpaka wenzake warudi.

Mzee hupenda kukisimulia kisa hicho, na hukisimulia kwa sababu ya Mwini Amani. Mpanga safari, kwake, ni yule anayebaki kambini. Chini ya kila karatasi aliyowahi kumpa mteja aliandika jina lake na namba ya simu ya nyumbani. Mteja akikwama Brenner usiku wa manane, simu ililia chumbani kwa mzee, na mkewe marehemu alizoea kuamka naye na kuweka maji ya chai. Sikumsikia akilalamika juu ya hilo hata kidogo. Alilalamika juu ya kitu kingine: simu ziliacha kulia. Wateja walianza kujikatia wenyewe, na walipokwama walikuwa na namba ndefu ya kupiga, muziki wa kungojea, na sauti isiyo na mtu.

Nisiwe mkali kupita haki. Vyombo vya leo hutoa bei ya kweli, na kijana asiye na babu wa namna hii angefanya nini? Lakini kuna uzembe tunaouita wepesi. Tunachagua mji kwa picha iliyopigwa na mwingine, tunasimama alipopiga picha, tunapiga ileile, tunaondoka. Orodha inatimia na mtu hajafika. Tunampa mgeni wetu kiungo cha mtandao tukidhani tumempokea. Baba anamtuma mtoto ng'ambo na hajui treni yake inapita wapi. Hakuna aliyeombwa kumfikiria msafiri kabla hajaondoka, na kumfikiria ndiyo ilikuwa kazi nzima.

Na msimu wenyewe umepoteza uaminifu. Mwaka 1964 Innsbruck iliandaa Olimpiki na theluji ikakosekana. Jeshi la Austria likabeba maelfu ya vipande vya barafu na shehena za theluji kutoka milimani juu hadi kwenye njia za mashindano. Wakati ule ilisimuliwa kama ajabu. Leo mashine za kutengeneza theluji ni sehemu ya mandhari, na wakati wa kiangazi sehemu za mto wa barafu wa Stubai hufunikwa mashuka meupe ili zisiyeyuke. Kule kwetu, zaidi ya asilimia 80 ya barafu ya Kilimanjaro iliyopimwa mwaka 1912 imetoweka. Mzee anajua kwamba kalenda yake ya kichwani, aliyoijenga kwa miaka ya kuuliza na kukumbuka, inazeeka pamoja naye. Wiki ya mwisho ya Januari iliyokuwa ya kuaminika, sasa anaiandika kwa penseli na kusema inshallah kwa uzito zaidi ya zamani.

Kwa hiyo ufundi huu unakufa kwa pande zote mbili: hakuna wa kuurithi, na majira yaliyoulea yanabadilika. Hakuna chuo kitakachouokoa, kwa kuwa haukuwahi kuwa somo. Ulikuwa tabia ya watu fulani waliokaa nyuma ya kaunta na kukataa kuuza kitu wasichokijua.

Lakini sehemu yake iliyo bora haihitaji kaunta. Msomaji, siku utakapompangia mwanao, mgeni wako au mama yako safari, usimrushie orodha. Anza na namna atakavyorudi. Muulize anaogopa nini. Mwachie siku moja isiyo na jina, na uwe unajua atakachokifanya siku hiyo upepo ukivuma. Mwambie akae upande gani wa treni. Kisha andika jina lako na namba yako chini ya karatasi, na simu ikilia usiku, ipokee.